Kusomea ubingwa kwa wanasayansi wa afya Uingereza: HSST inaombwaje hasa

Kabla hujafungua fomu yoyote, angalia namba yako ya usajili wa HCPC, lile baraza linalosajili wanataaluma wa afya Uingereza, uangalie zile herufi mbili za mwanzo. Zikiwa BS umesajiliwa kama mwanasayansi wa baiomedikali, zikiwa CS umesajiliwa kama mwanasayansi wa kliniki, na hizo herufi mbili ndo zinaamua kama unaandaa maombi ya mwaka huu au ya miaka kadhaa ijayo. Naanzia hapo kwa sababu nimeshaona watu wetu, wachapakazi kabisa, miaka kumi kwenye benchi la maabara, mtu anakesha na fomu wiki mbili baada ya shifti, anaomba barua huku na huku, alafu mwishoni ndo anaambiwa huu mlango bado sio wake. Inauma, maana ni jambo la dakika moja tu kama kungekuwa na mtu wa kumwambia mapema.

Mlango wenyewe unaitwa HSST, kirefu chake Higher Specialist Scientist Training, ni mafunzo ya ubingwa ya miaka mitano kwa wanasayansi wa afya wanaofanya kazi NHS, yaani huduma ya afya ya umma ya Uingereza. Nyumbani tumezoea neno bingwa liwe la daktari, kamaliza MMed yake anaitwa daktari bingwa, akienda mbele zaidi anaitwa bingwa bobezi, na mtu wa maabara hata asome vipi bado ni yule wa maabara. Huku wanasayansi wa afya wana fani zaidi ya 50. Kuna biokemia, damu, maikrobiolojia, jenetiki, kinga ya mwili, uzazi, kuna watu wa fizikia wanaopanga dozi za mionzi ya wagonjwa wa saratani, kuna wanaopima usikivu, moyo, mapafu mpaka usingizi, na juu kabisa ya ngazi kuna mwanasayansi konsaltanti ambaye anakaa meza moja na daktari bingwa, anaulizwa, na neno lake linabadilisha matibabu ya mgonjwa. HSST ndo njia rasmi ya kukufikisha hapo. Ukimaliza hukabidhiwi kazi ya ukonsaltanti papo hapo, ile nafasi unaigombea kama kazi nyingine yoyote, ila unakuwa na sifa zote za kuigombea.

Ninaposema Uingereza kwenye makala hii nina maana ya England, maana Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini wana taratibu zao. Mfumo wenyewe ulitokana na mageuzi ya mwaka 2010 yaliyoitwa Modernising Scientific Careers, chini ya ofisi ya mwanasayansi mkuu Profesa Sue Hill, na lengo lilikuwa kuwe na ngazi moja inayoeleweka, maana kabla ya hapo kila fani ilikuwa inapanda kwa njia yake. Mafunzo yanaratibiwa na shule ya taifa ya sayansi ya afya iliyoko Birmingham. Hela inatoka NHS England, na hapa ujue kitu kimoja, Machi 2025 serikali ilitangaza kwamba NHS England inafutwa kama taasisi na kazi zake zinarudi wizarani, kwa hiyo majina ya ofisi na kurasa za maombi yanaweza kuhama, usitegemee PDF ya zamani uliyotumiwa na rafiki kwenye WhatsApp.

BS na CS, hapa ndo wengi wanapotea

Tukirudi kwenye herufi mbili. Kwenye kazi za kila siku mstari kati ya hawa wawili unaweza usionekane kabisa, wote wako kwenye maabara moja wanakunywa chai chumba kimoja. Lakini kisheria ni fani mbili tofauti kwenye rejista ya HCPC na kila jina linalindwa, huruhusiwi kujiita ambalo hujasajiliwa. Mwanasayansi wa baiomedikali kazi yake kubwa ni kuhakikisha kipimo kimefanyika sawasawa na jibu ni la kuaminika. Mwanasayansi wa kliniki anategemewa zaidi kwenye lile swali linalofuata, hili jibu lina maana gani kwa huyu mgonjwa, daktari afanye nini, na kama kipimo hakipo kianzishweje. HSST imejengwa juu ya usajili wa pili. Na cheo hakisaidii hapa, unaweza kuwa bendi 8 (bendi ndo ngazi za mishahara za NHS) unaongoza maabara nzima na watu 40 chini yako lakini kama namba yako ni BS bado kuna hatua moja katikati.

Hiyo hatua ya katikati ina njia zaidi ya moja. Inayojulikana zaidi ni STP, kirefu chake Scientist Training Programme, miaka mitatu, unasoma masta huku unalipwa mshahara wa bendi 6, maombi yanafunguliwa mwanzoni mwa mwaka na ushindani wake ni mkali sana. Kwa mtu ambaye ana mtoto, nyumba ya kupanga na wazazi wanaomtegemea Kahama, kurudi bendi 6 kutoka bendi 7 sio jambo dogo, na sioni sababu ya mtu kuona aibu kusema hivo. Kwa hiyo kuna njia ya pili, ya ulinganifu, kupitia taasisi inayoitwa Academy for Healthcare Science. Hapo hurudi darasani, unakusanya ushahidi wa kazi ulizofanya unaonyesha kwamba unajua kila ambacho mhitimu wa STP anajua, unaupeleka, wanaupitia, alafu wanakuhoji. Chama cha wanasayansi wa baiomedikali, IBMS, nacho kina njia yake ya kutumia uzoefu. Ushauri wangu kwa mtu mwenye miaka mingi kazini ni aangalie kwanza hizi mbili kabla ya kukimbilia STP, sio kwamba ni rahisi, portifolio ya ulinganifu inakula jioni zako zote, lakini unaijenga ukiwa kwenye mshahara wako.

Kwa aliyeko nyumbani bado, Dar, Kampala, Nairobi, Bujumbura, mwanzo ni usajili wa HCPC kwa waliosomea nje. Wanalinganisha masomo yako na uzoefu wako na viwango vya fani uliyoiombea, na kama wanahitaji uthibitisho wa Kiingereza kwa IELTS ni wastani wa 7.0 na hakuna kipengele kinachoshuka chini ya 6.5. Wahitimu wetu wengi wa digrii ya maabara wanaingia kwa BS na hapo ndo safari inaanzia. Nigusie na hili haraka. Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zimo kwenye orodha ya WHO ya mwaka 2023 ya nchi zenye uhaba mkubwa wa watumishi wa afya, na waajiri wa Uingereza hawatakiwi kuja kuwinda watumishi kwenye nchi hizo. Wewe kuomba mwenyewe haijakatazwa. Lakini akija wakala anakwambia katumwa na hospitali ya Uingereza kukusanya watu wa maabara na anataka hela ya mbele, basi muulize maswali mengi sana.

Kiti ni cha mwajiri

Sasa tuseme namba yako ni CS na una uzoefu baada ya kusajiliwa. Hapa ndo kuna jambo ambalo nataka ulishike kuliko yote kwenye makala hii, HSST haiombwi kama unavyoomba masta. Ukitaka masta unatuma maombi chuo, chuo kinakukubali, alafu unaenda kumwomba bosi ruhusa. HSST inaenda kinyume chake. Ni nafasi ya mafunzo ndani ya kazi, kiti chenyewe ni cha idara, na idara ndo inaenda kwa wafadhili kusema sisi tunataka kufundisha mwanasayansi wa ngazi ya ubingwa, tuna wa kumsimamia, na tunamhitaji. Chuo kinakuja baadaye kabisa.

Kuna namna mbili za kukipata kiti. Moja ni ya ndani, wewe tayari uko pale, mwajiri anaomba kiti kwa ajili yako, unabaki na mkataba wako na mshahara wako. Ya pili ni ya moja kwa moja, hospitali inatangaza nafasi kama kazi mpya, unaomba popote ulipo, ukipata unahamia. Ada ya chuo inalipwa na NHS England na mwajiri anapata mchango wa kusaidia mafunzo. Kama uko kwenye viza ya kazi, kumbuka kuhamia hospitali nyingine maana yake mdhamini mpya na cheti kipya cha udhamini, hiyo ongea na watu wa viza wa hospitali unayoenda kabla hujaandika barua ya kuacha kazi.

Dada mmoja rafiki yangu, mtu wa biokemia kutoka Mwanza, aliandika fomu yake ya kwanza vizuri mno, alisoma kila mstari wa maelekezo, akampelekea meneja wake asaini ikiwa imebaki wiki moja. Meneja ndo mara ya kwanza anasikia. Hakukuwa na bajeti, hakukuwa na msimamizi aliyeandaliwa, na idara haikuwa imeomba kiti chochote mwaka ule. Meneja hakuwa mtu mbaya, hakuwa na cha kusaini tu. Ule mwaka ukapita. Mi namlaumu zaidi yule aliyemkalia kimya miaka yote anamuona ana uwezo na hajawahi kumwambia mlolongo ulivyo, maana kwenye idara ileile wenzake wawili walishapita na wao waliambiwa na wasimamizi wao wakiwa bado wanafunzi.

Na kuna kitu cha kwetu kinachotukwamisha hapa, tukiseme. Tumelelewa kwamba mkubwa akikuona unafaa atakuita, wewe kwenda kujisemea ni kujipendekeza, na ukiwa mgeni kwenye nchi ya watu ndo kabisa unajikunja usionekane unadai. Huku unaweza kufanya kazi safi miaka minane, kila mtu anakusifia kwenye kikao cha tathmini cha mwaka, na hakuna atakayekuita, kwa sababu wao wanaamini mtu anayetaka kitu atasema. Ukikaa kimya wanasoma kwamba umeridhika. Huo sio ubaya wala wema, ni desturi yao, na kwenye HSST ukiifuata desturi ya nyumbani utasubiri mpaka unastaafu.

Kwa hiyo mazungumzo na bosi yanatangulia fomu, na mi nasema yatangulie kwa mwaka mzima ikiwezekana. Na usiende na hoja ya "nataka kujiendeleza", hiyo ni ya kwako. Nenda na hoja ya idara. Konsaltanti wenu ana miaka mingapi imebaki? Kuna huduma ambayo sampuli zake mnazituma hospitali nyingine kwa sababu hamna mtu wa kutafsiri majibu yake? Kuna kipimo ambacho madaktari wanapiga simu kila wiki kuuliza na hakuna wa kuwajibu baada ya saa kumi na moja jioni? Andika kwenye karatasi moja, isizidi, kwamba baada ya miaka mitano idara itakuwa na nini ambacho leo haina. Alafu umjibu kabla hajauliza, siku ninazokuwa chuoni nani anashika benchi langu, nani ananisimamia, na ananisimamia saa ngapi kwa mwezi. Bosi akiona umeshawaza ratiba yake kabla ya ndoto yako, maongezi yanabadilika palepale.

Miaka mitano inaliwa na nini

Mafunzo yana sehemu tatu, wanaziita A, B na C, na ukimaliza zote unapata shahada ya udaktari inayoitwa DClinSci. Ni ngazi moja na PhD, tofauti yake ni kwamba unaifanya ukiwa kazini na inahusu kazi. Inatolewa kupitia vyuo vya Manchester vilivyoungana chini ya jina la MAHSE, na kwa watu wa fizikia ya tiba kuna wanaopitia Liverpool.

Sehemu A ni uongozi na weledi. Watu wa sayansi huwa tunaidharau tunaona ni maneno maneno, lakini wengi waliopita wanasema ndo iliyowabadilisha, kwa sababu huwezi kuwa konsaltanti kama hujui kukaa na watu wanaokupinga. Sehemu C ni utafiti, kuna mradi mkubwa wa utafiti na kuna kazi ya ubunifu inayohusu kuboresha huduma. Sehemu B ndo sayansi ya fani yako yenyewe, na hapo njia zinaachana. Kwa watu wa maabara, biokemia, damu, maikrobiolojia, kinga na wengineo, sehemu B inabebwa na mitihani ya FRCPath ya chuo cha kifalme cha wanapatholojia, kuna ya kwanza na ya pili, na kwenye fani kama biokemia ni mitihani ileile wanayofanya madaktari wanaosomea patholojia ya fani hiyo. Ileile. Wewe na daktari mnapimwa kwa kipimo kimoja. Mi kila nikifikiria hilo linanipa heshima ya hii kazi, maana tumetoka kwenye maabara ambazo daktari alikuwa anarusha karatasi ya vipimo dirishani bila hata kusalimia. Kwa watu wa fizikia na fiziolojia sehemu B inafanyika chuoni.

Watu wanaulizia sana ugumu wa mitihani. Mitihani ni migumu ndio, na kurudia sio ajabu. Lakini kinachowaangusha wengi ni muda. Hii sio kozi ya kwenda chuo kila siku, unafanya kazi yako ya kawaida, simu zinaita, mashine inaharibika Ijumaa jioni, na utafiti wako unakusubiri nyumbani. Kama hujapata siku ya mafunzo inayolindwa kwenye ratiba, iwe imeandikwa, basi siku hiyo italiwa na upungufu wa watu ndani ya miezi miwili ya kwanza. Na nyumbani nako kuna yake. Mke au mume lazima ajue kwamba ni miaka mitano, sio miezi, na ndugu wa nyumbani wajue kwamba kamati za harusi na vikao vya familia vya kwenye simu Jumapili usiku utakosa vingi. Kaeni muongee kama mnavyoongea mtu akitaka kujenga, nani anabeba nini na mpaka lini.

Fomu, na neno "sisi"

Yule dada wa Mwanza mwaka uliofuata tulikaa jikoni kwake na fomu yake, mtoto kalala, na nilichokiona kwenye ukurasa wa kwanza kilikuwa neno moja limejirudia kila mstari, sisi. Tulianzisha, tuliboresha, tulishiriki, tulifanikiwa. Kwa Kiswahili hiyo ni adabu, mtu anayesema nilifanya nilifanya tunamuona ana majivuno, hata kama kafanya peke yake atasema tumefanya. Kwenye fomu ya HSST hiyo adabu inakufuta. Anayesoma ana rundo la fomu na anatafuta jambo moja, huyu mtu alifanya nini yeye, aliamua nini yeye, na nini kilitokea kwa mgonjwa kwa sababu yake.

Alikuwa ameandika sentensi ambayo nikiigeuza kwa Kiswahili inasema, tulishiriki kwenye uboreshaji wa huduma ya kipimo cha HbA1c. Nikamwambia niambie ilikuwaje. Akaanza kusimulia kama tunavyosimulia, na ilikuwa kitu kingine kabisa. HbA1c ni kile kipimo kinachoangalia sukari iliyonata kwenye himoglobini, kinatuonyesha sukari ya mtu ilikuwaje kwa miezi miwili mitatu kwa sababu chembe nyekundu inaishi kama siku 120. Sasa mgonjwa mwenye selimundu chembe zake zinakufa mapema sana, hazikai kwenye damu muda wa kutosha sukari inate, kwa hiyo jibu linatoka chini na kisukari chake kinajificha. Hata wale waliobeba kinasaba kimoja tu, ambao watu wa Kanda ya Ziwa tunao wengi, kwenye baadhi ya mashine jibu linavurugika. Usiku mmoja akiwa zamu aliona kwenye grafu ya mashine kuna kilele cha ziada, pembeni ya pale kinapotakiwa kuwa kimoja. Jibu lenyewe lilikuwa limeshapita, namba nzuri tu, mgonjwa hana kisukari. Yeye akalizuia. Akaangalia glukosi za nyuma za yule mgonjwa, zilikuwa juu. Asubuhi akampigia daktari wa mgonjwa, akashauri HbA1c isitumike kwake, ipimwe fruktosamini na glukosi. Alafu akaenda kwa konsaltanti na pendekezo la maandishi yanayotokea kwenye kila jibu lenye kilele kama kile, likakubaliwa.

Hayo yote yalikuwa yamefichwa chini ya tulishiriki. Tukaandika upya. Niliona, nilizuia, nilifuatilia, nilishauri, nilipendekeza, na mwisho idara ilibadilisha nini. Mistari saba. Alivoisoma alikaa kimya kidogo akaniuliza, hii sio kujisifu? Nikamwambia shoga yangu, hii ni ripoti, umeandika kilichotokea na aliyekifanya ni wewe. Na ukweli ni kwamba ile mistari saba ndo HSST yenyewe, kutoka kwenye mashine mpaka kwa mgonjwa mpaka kwenye utaratibu wa idara. Kama una tukio la namna hiyo moja lililo kamili, lina uzito kuliko orodha ya semina 20.

Na uzoefu wa nyumbani usiuache nje ya fomu, hili nalisema kwa msisitizo maana karibu kila mtu wetu anaanzia historia yake pale ndege ilipotua Heathrow. Maabara nyingi kwetu zimepitia SLMTA, ule mpango wa kuboresha maabara uliozinduliwa Kigali mwaka 2009, zikapanda moja moja nyota za ubora za SLIPTA kuelekea ISO 15189, kiwango cha kimataifa cha ubora wa maabara za tiba. Ni ISO 15189 hiyohiyo ambayo wakaguzi wa UKAS, shirika la ithibati la Uingereza, wanaikagua hapa. Kama ulikuwa afisa ubora kwenye hospitali ya mkoa ukaitoa maabara nyota moja ukaifikisha tatu, huku umeme unakatika na vitendanishi vinaisha katikati ya mwezi, hiyo ni kazi ya uongozi, na haina udogo wowote mbele ya mtu aliyefanyia Leeds. Ila uifafanue, msomaji hajui SLIPTA ni nini, mwambie kwa sentensi moja kisha umwonyeshe wewe uliamua nini siku vitendanishi vilipoisha.

Kwenye intavyu, jiandae kwa maswali ya namna tatu nne hivi, mgonjwa mgumu kwenye fani yako, tukio ambalo uliongoza watu au uliwapinga, wazo la utafiti, na kwa nini idara yako inahitaji hiki kiti. Wazo la utafiti usiende na kitu kikubwa cha kubadilisha dunia. Yule dada alienda na swali dogo, kwamba kwenye mji wao wenye watu wengi wenye asili ya Afrika na Karibiani, ni majibu mangapi ya HbA1c yanatoka bila mtu kugundua himoglobini tofauti, na yabadilishwe vipi. Swali ambalo linaweza kujibiwa na sampuli zinazopita palepale maabara kila siku. Walimhoji kwenye hilo tu karibu nusu ya muda. Na ukiulizwa kitu hujui, sema hujui na useme ungemuuliza nani, kwenye kazi hii mtu anayebuni jibu ni hatari na wao wanalitafuta hilo.

Kama kiti hakipo kabisa kwako, idara ndogo, konsaltanti hakuna, bosi kakataa mara mbili, njia haijafungwa. Mwanasayansi wa kliniki anaweza kufanya FRCPath bila kuwa HSST, kwa gharama zake au kwa msaada wa idara, na Academy for Healthcare Science wana ulinganifu wa ngazi hii ya juu pia, unapeleka ushahidi, unahojiwa, ukipita unaingia kwenye rejista ya juu ya wanasayansi, HSSR, ileile wanayoingia waliomaliza HSST. Inachukua muda mrefu na hakuna anayekulindia siku ya kusoma, lakini wapo makonsaltanti waliofika kwa njia hiyo.

Mafunzo yanaanza Septemba, lakini viti vinaombwa na idara muda mrefu kabla, kwa hiyo kikao chako na bosi kiwe msimu wa vuli wa mwaka uliotangulia. Mkishamaliza kuongea, siku hiyohiyo mtumie barua pepe fupi ya kumshukuru, uandike mlikubaliana nini, nani atauliza kuhusu kiti na kufikia tarehe gani, na umuweke kwenye nakala yule atakayekuwa msimamizi wako.